Daktari na hofu ya maambukizi: Wajibu wake wafika wapi wakati wa janga?

KILA maradhi ya kuambukiza yanapozuka, macho ya umma huelekezwa kwa mgonjwa, kwa waziri anayesoma takwimu na kwa dawa inayotafutwa. Ni nadra mtu kulitaja swali ambalo wahudumu wa afya hujiuliza kimyakimya wanapovaa glavu: Je, nina wajibu wa kumtibu mtu huyu hata kama ugonjwa wake unaweza kuniua, au kunifuata nyumbani na kuwaua wanangu?

Swali hilo halihusu madaktari pekee. Mkazi wa mtaa wa Munyaka, Eldoret, anapopatwa na homa na kikohozi, aghalabu huanzia dukani kwa muuza dawa, kisha huenda kwenye zahanati iliyo karibu, na mambo yakizidi hupelekwa hospitali kubwa. Mwisho wa safari hiyo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), inayopokea wagonjwa kutoka kote magharibi mwa Kenya na hata nchi jirani. Katika kila kituo hukutana na mtu mwenye uwezo wa kumpokea au kumsukuma mbele. Iwapo kila mmoja atamsukuma kwa kuogopa kikohozi chake, atafika mwisho wa safari akiwa hoi, na njiani atakuwa ameambukiza watu wengi. Ndiyo maana hofu ya tabibu mmoja ni jambo linalouhusu mtaa mzima.

Makala haya yanaeleza hofu hiyo ilivyojitokeza katika eneo letu la Afrika Mashariki na Kati, sheria za Kenya zinavyosema, na mambo ambayo yamebainika kuwafanya wahudumu wasalie kazini wengine wanapokimbia.

Hofu ya tangu jadi

Si kizazi hiki cha kwanza kuwaona matabibu wakisitasita. Tauni ilipoikumba London mwaka wa 1665, madaktari wengi mashuhuri waliuhama mji pamoja na wateja wao matajiri. Wachache walisalia, miongoni mwao Nathaniel Hodges, aliyewatibu wagonjwa muda wote wa tauni hiyo. Mwaka wa 1847, Chama cha Madaktari cha Marekani kilipoandika kanuni zake za kwanza za maadili, kilisema waziwazi kwamba tauni inapozuka daktari ana wajibu wa kuikabili hatari hata kama maisha yake mwenyewe yatakuwa mashakani. Kwamba jambo hilo lilihitaji kuandikwa ni ushahidi kuwa halikuwa likifanyika kila mara.

Karibu na kwetu, hospitali ya misheni ya Yambuku, katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukutana na Ebola nchini humo mwaka wa 1976. Sindano chache zilitumiwa tena na tena kwa wagonjwa wengi bila kuchemshwa ipasavyo, na virusi vikasambaa kupitia kwa hospitali yenyewe. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali hiyo, 11 walifariki na hospitali ikafungwa. Watu 318 waliugua katika mkurupuko huo, na 280 wakafa. Yambuku ilifunza jambo ambalo limerudiwa mara nyingi tangu wakati huo: hospitali isiyo na vifaa huacha kuwa mahali pa kuponea, ikawa mlango wa kuingilia ugonjwa.

Mlima Elgon, 1980

Wakazi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia hawana haja ya kutazama mbali. Mnamo Januari 1980, Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia aliugua baada ya kuzuru pango la Kitum, katika Mlima Elgon. Alisafirishwa hadi Nairobi Hospital akiwa anavuja damu. Daktari aliyempokea, Shem Musoke, alijitahidi kuyaokoa maisha yake bila kujua ni ugonjwa gani uliokuwa mbele yake. Mgonjwa alifariki. Siku chache baadaye Dkt Musoke naye aliugua vibaya, na uchunguzi ukabaini kwamba ilikuwa homa ya Marburg.

Dkt Musoke alipona. Aina ya virusi iliyopatikana katika damu yake ingali inatumiwa na watafiti katika maabara ulimwenguni, nayo hujulikana kwa jina lake. Kisa chake kinaonyesha kwa nini si rahisi kulipatia suala hili jibu la mkato. Daktari hajui daima ni hatari gani inayomkabili. Anayesubiri kuijua kwanza huenda akachelewa kumwokoa mgonjwa, na anayekimbilia kumwokoa bila kinga huenda akawa mgonjwa wa pili.

Ukimwi na funzo la Eldoret

Ukimwi uliifanya hofu hiyo kuwa ya kila siku. Baada ya kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini mwaka wa 1984, miaka mingi ilipita kabla ya dawa kupatikana kwa mwananchi wa kawaida. Katika wadi nyingi, aliyeshukiwa kuwa na virusi alilazwa pembeni, akaguswa kwa nadra, na upasuaji wake ukaahirishwa kwa visingizio. Wahudumu waliogopa kudungwa na sindano yenye damu. Isitoshe, walivunjika moyo kwa kuwa walijiona hawana cha kumpa mgonjwa zaidi ya kumtazama akififia.

Ni mjini Eldoret ambako mabadiliko makubwa yalianza. Mwaka wa 2000, mwanafunzi wa udaktari alikuwa amelazwa katika MTRH akikaribia kufa kwa ukimwi. Daktari Joe Mamlin wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, chuo kilichokuwa kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, alimtafutia dawa za kupunguza makali ya virusi. Mwanafunzi huyo alipata nafuu na kuondoka wadini. Mwaka uliofuata, 2001, mpango wa AMPATH ulianzishwa, ukatoa huduma MTRH na katika kituo cha Mosoriot, Nandi, kabla ya kuenea hadi maeneo mengi ya magharibi mwa nchi.

Tukio hilo lilibadilisha mengi zaidi ya afya ya mtu mmoja. Pale matabibu walipoona kwamba mgonjwa anaweza kuinuka kitandani, walipata sababu ya kumkaribia. Aidha, utaratibu wa kumhesabu kila mgonjwa kama mwenye uwezekano wa kuambukiza uliondoa haja ya kuwatenga wachache. Kwa anayedungwa na sindano kwa bahati mbaya, dawa za kuzuia maambukizi zinazoanzwa kabla ya saa 72 kupita na kumezwa kwa siku 28 zilipunguza hatari ambayo tayari ilikuwa ndogo: takriban maambukizi matatu kwa kila visa 1,000 vya kudungwa na sindano yenye damu ya mtu aliye na virusi.

Hatimaye sheria nayo ilifuata. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka wa 2006 inaikataza hospitali yoyote, iwe ya umma au ya kibinafsi, kumnyima mtu huduma au kumtoza ada ya juu kwa sababu ana virusi au anashukiwa kuwa navyo.

Siku wauguzi wa Gulu walipotaka kuondoka

Huenda hakuna mahali ambapo suala hili lilijadiliwa kwa uwazi kuliko Hospitali ya St Mary's Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Hospitali hiyo ilikuwa tayari imelipa gharama kubwa. Mmoja wa wajenzi wake, daktari wa upasuaji Lucille Teasdale kutoka Canada, aliambukizwa ukimwi akiwapasua majeruhi wa vita, na akafariki mwaka wa 1996.

Mnamo Oktoba 2000, Dkt Matthew Lukwiya, aliyekuwa Kampala kwa masomo, aliitwa arudi Lacor kwa sababu wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Aliyachunguza maelezo ya wagonjwa, akashuku Ebola na kuiarifu serikali. Alianzisha wadi ya kuwatenga wagonjwa, akawapa wahudumu mavazi ya kujikinga na kuwafunza namna ya kuyavaa na kuyavua. Licha ya hayo, wauguzi waliendelea kuambukizwa.

Mwishoni mwa Novemba, baada ya wenzao kadhaa kufariki katika muda mfupi, mamia ya wafanyakazi walikusanyika wakitaka hospitali ifungwe. Dkt Lukwiya hakuwatisha kwa barua za kufutwa kazi. Aliwaambia kuwa anayetaka kwenda yuko huru, naye akazungumza nao kwa saa nyingi kuhusu maana ya kazi yao. Wengi walirejea wadini. Mnamo Desemba 5, 2000, yeye mwenyewe alifariki kwa Ebola. Zaidi ya wafanyakazi 10 wa Lacor walipoteza maisha. Kwa jumla, watu 425 waliugua nchini Uganda katika mkurupuko huo na 224 wakafa.

Kisa cha Lacor hutajwa mara nyingi kama kielelezo cha ushujaa, na ni haki kitajwe hivyo. Hata hivyo, kina upande wa pili. Wauguzi waliotaka kuondoka hawakuwa waoga. Walikuwa wamewaona wenzao wakifa. Waliorudi walirudi kwa sababu aliyewaomba warudi alikuwa akiingia wadi ileile kila siku.

Korona na ahadi zilizochelewa

Virusi vya korona vilithibitishwa kuingia Kenya Machi 13, 2020. Hata kabla ya idadi ya wagonjwa kuongezeka, wauguzi katika Hospitali ya Mbagathi, Nairobi, walilalamika kuwa walitakiwa kuhudumia wadi ya kutenga wagonjwa bila mafunzo na vifaa vya kutosha. Mnamo Julai 10, 2020, Dkt Doreen Adisa Lugaliki, mtaalamu wa afya ya uzazi mwenye umri wa miaka 39, akawa daktari wa kwanza kufa kwa korona nchini. Novemba mwaka huo, baada ya madaktari wanne kuripotiwa kufariki katika siku moja, chama cha madaktari, KMPDU, kilitoa ilani ya mgomo.

Kifo kilichochoma mioyo ya wengi kilitokea Desemba 7, 2020. Dkt Stephen Mogusu, mwenye umri wa miaka 28, alikuwa akiwahudumia wagonjwa wa korona Machakos. Alifariki ilhali hakuwa amelipwa mshahara kwa miezi mitano, na hakuwa na bima ya matibabu. Siku hiyohiyo wauguzi na maafisa wa kliniki walianza mgomo, na madaktari wakajiunga nao Desemba 21. Madai makuu yalikuwa vifaa bora vya kujikinga, bima ya matibabu, fidia kwa jamaa za waliofariki na kuajiriwa kwa wahudumu zaidi.

Mgomo huo uliwaumiza wagonjwa, hasa wasio na uwezo wa kwenda hospitali za kibinafsi. Ukweli huo haufai kufichwa. Lakini ni vigumu pia kumwambia daktari kijana kwamba taifa linamhitaji mno, wakati taifa hilohilo halijamlipa tangu Julai.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,000 huenda walikufa kwa korona kote ulimwenguni. Nchini Kenya, chanjo za kwanza zilifika Machi 3, 2021, na wahudumu wa afya wakawekwa katika kundi la kwanza la kuzipokea.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinasema kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inaitilia nguvu haki hiyo. Hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu ya dharura ikikataa kuyatoa, inaweza kutozwa faini isiyozidi Sh3 milioni.

Sheria hiyohiyo inamtazama mhudumu pia. Inamtaka amtibu kwa uaminifu kila anayemjia, kadiri ya ujuzi na uwezo wake. Wakati huohuo inampa haki ya kufanyia kazi mahali salama, panapopunguza hatari ya kuambukizwa na kuumia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo inamruhusu mfanyakazi kuripoti hatari kubwa iliyo mbele yake, na mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi mahali hapo kabla ya kuirekebisha.

Kwa hivyo sheria haimfanyi daktari mtumwa, wala haimruhusu kuchagua wagonjwa anaowapenda. Mgonjwa ana haki, mhudumu ana haki, na katikati yao yupo mwajiri, awe serikali ya kitaifa, kaunti au mmiliki wa hospitali ya kibinafsi, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa stoo.

Mipaka ya wajibu

Ni lini basi kusitasita kwa daktari kunaweza kueleweka, na ni lini kunageuka kuwa kumtupa mgonjwa? Maswali manne husaidia kupambanua.

La kwanza ni ukubwa wa haja. Mgonjwa asiyeweza kupumua hawezi kuambiwa arudi Jumatatu. La pili ni ukubwa wa hatari baada ya kinga kuvaliwa. Hatari ya kumhudumia mwenye kifua kikuu katika chumba chenye madirisha wazi, daktari akiwa na barakoa inayofaa, hailingani na ile ya kumgusa mgonjwa wa Ebola kwa mikono mitupu. La tatu ni manufaa. Ikiwa mhudumu hana dawa, vifaa wala ujuzi wa kumsaidia mgonjwa, kujihatarisha hakutamfaa yeyote. La nne ni iwapo kuna mwingine wa kuishika zamu. Mhudumu mjamzito au mwenye maradhi sugu anaweza kupangiwa kazi nyingine bila mgonjwa kuachwa, mradi mpango huo ufanywe mapema na kwa uwazi.

Kanuni moja haibadiliki katika hali zote nne. Anayeshindwa kumtibu mgonjwa mwenyewe bado anapaswa kuhakikisha kwamba mgonjwa huyo amefika kwa anayeweza. Kumwambia tu aende hospitali nyingine, bila barua, simu wala ambalansi, si rufaa bali ni kumfukuza.

Ugonjwa usio na kelele

Msomaji anaweza kudhani kwamba mambo haya hutokea kila baada ya miaka mingi. La hasha. Kifua kikuu huwaweka wahudumu wa Kenya hatarini kila siku, ingawa hakitangazwi kama janga. Hofu yake imewahi kuwafanya maafisa wa afya kuchukua hatua ya kupita kiasi. Mnamo Agosti 2010, wagonjwa waliodaiwa kuacha kutumia dawa za kifua kikuu walifungwa katika gereza la Kapsabet, Kaunti ya Nandi, kwa amri ya mahakama iliyotolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Mnamo Machi 2016, Mahakama Kuu iliamua kuwa kuwazuilia wagonjwa gerezani kwa sababu ya matibabu ni kinyume cha Katiba.

Uamuzi huo una uzito kwa mada yetu. Jamii inapomchukulia mgonjwa kama mhalifu, mgonjwa hujificha. Huficha kikohozi, huficha safari aliyofanya, huficha jamaa aliyefariki. Daktari asiyeambiwa ukweli hushindwa kujikinga, na hofu yake huzidi. Hivyo unyanyapaa huwadhuru wote wawili.

Kinachowafanya wasalie

Mikurupuko miwili ya hivi majuzi inafaa kulinganishwa. Ebola aina ya Sudan ilipotangazwa Mubende, Uganda, Septemba 2022, madaktari wanafunzi katika hospitali ya rufaa ya mji huo waligoma wakilalamikia ukosefu wa vifaa vya kujikinga, baada ya baadhi yao kuambukizwa. Hakukuwa na chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya aina hiyo. Kabla ya mkurupuko kumalizika Januari 2023, wahudumu wa afya 19 walikuwa wameambukizwa na saba kufariki, akiwemo daktari Mtanzania aliyekuwa akisomea upasuaji nchini humo.

Nchini Rwanda, homa ya Marburg ilitangazwa Septemba 27, 2024, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa hospitali za Kigali. Serikali iliwapima watu kwa wingi, ikaleta dawa za majaribio na kuanza kuwachanja wahudumu kwa chanjo ya majaribio katika muda wa siku chache. Kati ya wagonjwa 66, waliofariki walikuwa 15, idadi ndogo mno kwa ugonjwa ambao katika mikurupuko mingine umewahi kuua zaidi ya nusu ya wanaougua.

Tofauti kati ya nchi hizo mbili haikutokana na ushujaa wa madaktari, kwani walikuwepo mashujaa kote kuwili. Aina ya virusi, ukubwa wa eneo na uwezo wa hospitali vilichangia. Hata hivyo, funzo kwa wasimamizi liko wazi. Mhudumu husalia anapokuwa na barakoa na mavazi ya kutosha, mafunzo kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika, zamu zinazompa nafasi ya kupumzika, mahali pa kulala asiwapelekee jamaa zake ugonjwa, matibabu yaliyolipiwa endapo ataambukizwa, na uhakika kwamba watoto wake hawatahangaika akifa. Mambo haya hugharimu pesa, lakini hugharimu kidogo kuliko hospitali iliyofungwa.

Wanaopaswa kukumbukwa kwanza ni madaktari wanagenzi na wauguzi wa kandarasi. Ndio wanaokutana na mgonjwa kabla ya wengine, na ndio wenye malipo haba. Mzozo kuhusu malipo ya wanagenzi ulikuwa miongoni mwa sababu za mgomo wa madaktari uliodumu siku 56, kati ya Machi na Mei 2024.

Mkazi afanye nini?

Mwananchi naye ana sehemu yake. Anayeugua na kushuku kwamba ana maradhi ya kuambukiza aseme mapema, langoni, kabla ya kuketi katikati ya wagonjwa wengine. Afunike mdomo anapokohoa. Aeleze bila kuficha alikosafiri na waliougua nyumbani kwake. Maelezo hayo humlinda anayemhudumia, na mhudumu aliyelindwa hana sababu ya kumkwepa.

Akikataliwa, aulize jina la aliyemkataa na sababu, na adai rufaa ya maandishi. Sheria ya Afya inampa haki ya kuwasilisha malalamishi na kutaka yachunguzwe. Anaweza kuanza kwa msimamizi wa kituo, kisha aende kwa idara ya afya ya kaunti, na ikiwa kosa ni la daktari, afike kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC).

Wahenga walisema mganga hajigangi. Daktari hawezi kujikinga peke yake kwa mshahara wake na barakoa aliyojinunulia. Anayepaswa kumkinga ni mwajiri wake, kwa bajeti inayopitishwa wakati hakuna mkurupuko wowote na hakuna anayeifuatilia. Bajeti ya afya ya kaunti husomwa kila mwaka, na umma una haki ya kutoa maoni kabla haijapitishwa. Mkazi wa Munyaka anayetaka kujua kama atapokelewa siku atakapofika hospitalini akikohoa, aanze kwa kuuliza huko ni pesa ngapi zimetengewa glavu, barakoa na bima ya wahudumu.